Grenda Haijui Kunoa

Ukitaka kuzua ubishi katika karakana yoyote ya useremala, iwe Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba kule Nairobi au Nsambya mjini Kampala, chukua kinoo, kilowanishe, uanze kunoa patasi kwa mkono. Maji hayatakauka juu ya jiwe kabla hujaambiwa kwamba hayo ni mambo ya kizee, kwamba grenda ipo pale kwenye kona, sekunde kumi tu cheche zinaruka na makali yamepatikana. Anayesema hivyo si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni fundi mzuri, mwenye wateja, anayelipa kodi ya pango kwa wakati na anayejua thamani ya dakika. Ndiyo maana kauli yake inastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa masikitiko ya zama zilizopita.

Jibu lenyewe si la upole: grenda hainoi. Inafanya kazi nyingine, yenye manufaa yake, lakini makali ya patasi hayatoki humo, na fundi anayeishia kwenye grenda anashinda siku nzima akitumia chombo ambacho hakijamalizika kutengenezwa.

Tuanze na hilo la ukizee, kwa kuwa ndilo linalotangulia kinywani. Kuna kitabu cha Zaburi kilichochorwa kaskazini mwa Ufaransa kati ya mwaka 820 na 835, ambacho leo kimehifadhiwa mjini Utrecht, Uholanzi. Katika mchoro wa Zaburi ya 64, makundi mawili yanajiandaa kwa vita. Waovu wananoa silaha kwa kinoo cha mkononi. Wenye haki wananoa kwa jiwe la kuzunguka, lenye mpini wa kuzungushia. Mchoraji alikwishachagua upande. Dharau ya kinoo, basi, ina umri wa karibu miaka 1,200, na jiwe la kuzunguka lina umri usiopungua huo. Kwa upande mwingine, lile jiwe la kijivu lenye pande mbili linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambalo vijana huliona la mababu, kwa kawaida ni silikoni kabaidi, kitu kilichotoka kwenye tanuri la umeme la Edward Acheson nchini Marekani mwaka 1891. Kati ya vifaa hivi viwili, mzee ni yule anayeunguruma kwenye kona.

Lakini umri si hoja. Hoja ni makali.

Makali ya patasi ni mstari ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana: upande bapa na ule mteremko. Kadiri nyuso hizo zinavyokuwa laini, ndivyo mstari wa kukutana unavyokuwa mwembamba. Zikiwa na mikwaruzo, mstari unakuwa na mapengo. Grenda ya mezani kwa kawaida hufungwa jiwe la namba 36 upande mmoja na la namba 60 upande wa pili. Chembe ya namba 60 ina upana wa karibu robo milimita, na kila chembe huacha mfereji wake juu ya chuma. Mifereji hiyo yote inakwenda kuishia ukingoni, pale pale panapotakiwa kukata. Msasa wa maji wa namba 1000, ule wa kwenye maduka ya rangi za magari, una chembe ndogo kuliko hizo kwa zaidi ya mara kumi. Hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuziba pengo hilo. Fundi akiwa hodari kiasi gani mbele ya grenda, atatoka na ukingo wenye meno yaliyovunjika ovyo.

Halafu grenda hugusa upande mmoja tu. Upande bapa, ambao ni nusu ya makali, haufikiwi kabisa, na ole wake atakayejaribu kuufikisha. Patasi nyingi hutoka dukani zikiwa na mikwaruzo ya kiwandani kwenye upande huo, pengine na lakeri ya kuzuia kutu juu yake. Isiposuguliwa ikatoka, nusu ya makali haijawahi kuwepo tangu siku ya kununuliwa. Ni kazi ya mara moja katika maisha ya patasi, sentimita mbili au tatu za mwanzo zinatosha, na wengi wanaolalamika kwamba patasi zao hazishiki makali hawajawahi kuifanya.

Kuna pia unyuzi. Chuma kinaposagwa hadi ukingoni, hubaki uzi mwembamba wa chuma uliojikunja kuelekea upande bapa. Upapase kwa kidole gumba, utauhisi ukikwaruza. Mafundi wengi huuhisi na kuuita makali. Na kweli unakata, kwa pigo la kwanza na la pili. Kisha unamomonyoka, unaacha ukingo uliomeguka, na fundi anarudi kwenye grenda akilaani chuma cha Kichina. Anayenoa kwa jiwe huuondoa unyuzi huo kwa makusudi: anasugua mteremko hadi auhisi kwenye upana mzima wa patasi, anageuza, analaza upande bapa juu ya jiwe na kuukata, anarudia kwa jiwe laini zaidi, na mwisho anavuta patasi kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi. Mkanda wa suruali uliochakaa unafaa. Vinyozi wa nyembe za kukunja walikuwa na mkanda wao ukutani kwa sababu hiyo hiyo.

Kwamba hizi ni kazi mbili si jambo jipya. Joseph Moxon, mchapishaji wa London aliyeanza kutoa maelezo ya kazi za mafundi kwa mfululizo wa vijitabu mwishoni mwa miaka ya 1670, alieleza kusaga kwanza kwenye jiwe la kuzunguka, kisha kunoa kwenye kinoo. Wakati huo jiwe la kuzunguka liliendeshwa kwa nguvu za watu, tena kwa maji, na hakuna aliyedhani kwamba linamaliza kazi. Umeme ulipofika uliongeza kasi ya hatua ya kwanza. Hatua ya pili haukuigusa.

Na kasi hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Jiwe la inchi sita, likizungushwa na mota inayotumia umeme wetu wa hezi 50 kwa mizunguko ipatayo 2,900 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Chuma kinachokandamizwa hapo kinapata joto papo hapo, na ncha ya patasi ndiyo nyembamba kuliko sehemu zote, haina pa kulipeleka. Sehemu ya kwanza kuungua ni ile pekee inayofanya kazi.

Kuungua huku kuna maana halisi, si lugha ya kutisha. Patasi ya kawaida ni chuma chenye kaboni kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu, karibu nyuzijoto 800, kikazamishwa ghafla kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena polepole hadi nyuzijoto mia mbili na kitu ili kisiwe cha kumeguka ovyo. Hayo ndiyo matiko yake. Joto lolote linalozidi lile la mara ya pili linaendelea kukilainisha, na chuma chenyewe kinatangaza habari kwa rangi: manjano hafifu kwenye nyuzijoto 220 au 230, kahawia kwenye 250, zambarau kwenye 280, buluu kwenye 300. Fundi akiiona buluu, matiko yametoka. Ncha hiyo inaweza kusagwa ikawa kali kwa kuitazama, lakini haitakaa na ukali wake. Itajikunja kwenye fundo la kwanza.

Hapa huingia kopo la maji. Kila grenda ina kopo lake pembeni, na imani inayolizunguka ni kubwa kuliko inavyostahili. Fundi huona rangi, huchovya haraka, husikia chuma kikilia, na kuamini amekiwahi. Hajakiwahi. Maji hukipa chuma ugumu kinapotoka kwenye wekundu wa nyuzijoto karibu 800. Kikiwa kwenye 300 yanakipoza tu, na ulaini uliokwisha kuingia unabaki mle mle. Kuchovya kabla ya rangi kutokea, kila baada ya mguso mfupi, ni jambo zuri na wanaojua grenda hufanya hivyo. Kuchovya baada ya rangi ni matanga. Kinachobaki ni kusaga hadi kuipita sehemu iliyoungua, safari hii kwa subira, na hapo milimita mbili au tatu za patasi zimekwenda na cheche.

Atasimama mtu aseme: biti zangu za drili zinageuka buluu kila siku na bado zinatoboa chuma. Ni kweli, na ndiyo sababu kosa hili limedumu. Biti nzuri za drili hutengenezwa kwa chuma cha kasi, kilichochanganywa na tangsteni au molibdeni, ambacho hubaki kigumu hata kwenye nyuzijoto 500. Aliyejifunza grenda kwa biti hizo akahamishia mazoea kwenye patasi amehamisha kanuni kutoka chuma kimoja hadi kingine kisichoihimili. Na yale maneno ya kromu na vanadi yanayopigwa mhuri kwenye shina la patasi yasimdanganye mtu. Madini hayo humo ni kidogo tu, hayaifanyi patasi kuwa drili.

Wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, na wale wa Wamunyu katika Ukambani wanatumia zana ambazo nyingi zimefuliwa na wahunzi kutokana na springi za magari na tupa kuukuu. Springi ina kaboni karibu asilimia 0.6, tupa nzuri karibu asilimia 1.2, na zote mbili hupoteza matiko kwa joto dogo. Mti unaosubiri upande wa pili ni mpingo, ambao mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani 1.2 na ukitupwa majini unazama. Ncha iliyolainishwa na grenda haitamaliza hata sikio la kinyago. Wala hakuna mhunzi atakayefurahia kuletewa mara ya tatu chombo kile kile akirudishie matiko ambayo aliyatia vizuri tangu mwanzo.

Sasa muda. Watetezi wa kinoo mara nyingi hujikwaa hapa: wakiulizwa kuhusu haraka huanza kuhubiri subira, na haraka haraka haina baraka. Ni utetezi mbaya. Seremala wa Keko analipwa kwa kitanda, halipwi kwa saa, na ana haki zote za kutaka haraka. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa haraka hiyo hiyo. Patasi ambayo haijaachwa ikafa kabisa hurudishiwa makali kwenye kinoo kwa dakika moja au mbili, pale pale kwenye benchi, bila kuwasha kitu. Sekunde kumi za grenda hazihesabu kutembea hadi kwenye kona, kumsubiri mwenzako amalize, kuchovya, na kurudi tena baada ya unyuzi kumomonyoka. Zaidi ya hayo hazihesabu gharama inayolala ndani ya mbao yenyewe.

Patasi butu haikati nyuzinyuzi za mbao, inazikandamiza hadi zinachanika. Fundi anachonga kishimo cha bawaba na kingo zinaruka. Anachonga tundu la ulimi na kuta zinaporomoka, ulimi unaingia ukiwa umelegea. Kisha anachukua unga wa randa, anauchanganya na gundi, na kuziba. Kila seremala wa Afrika Mashariki anaujua mchanganyiko huo, na wengi wamekwisha kuamini kwamba ni sehemu ya ufundi. Muda wa kuziba, kusubiri ikauke, kupiga msasa, na baadaye kwenda nyumbani kwa mteja kukaza kiti kilicholegea haujawahi kuandikwa kwenye hesabu ya grenda. Uandikwe, tuone nani ana haraka.

Hoja nyingine inayosikika sana inadai kwamba makali ya kiwango hicho ni ya mbao ngumu, mninga na mkongo, na kwa kuwa mbao hizo zimekuwa ghali na adimu, karakana nyingi zimehamia kwenye paini na saiprasi za mashambani, mbao laini zinazokatwa na chochote. Hakuna kauli iliyokaa kinyume na ukweli kuliko hii. Mbao ngumu ina nyuzinyuzi zilizoshikana. Zinajitegemeza zenyewe wakati patasi inapita, na hata makali ya wastani hutoka na uso unaong'aa. Paini haina msaada huo. Ndani ya kila pete ya ukuaji ina sehemu laini sana iliyobanwa na sehemu ngumu, na makali yasiyotosha huikandamiza ile laini badala ya kuikata, hadi inavunjika chini ya ukingo. Chukua kipande cha paini ya Sao Hill, Mufindi, lenga kichwa cha mbao, sukuma patasi iliyotoka kwenye grenda. Kitakachotoka ni vumbi na makombo, na uso utakuwa na mashimo meupe. Sukuma patasi iliyonolewa kwa jiwe: utatoka utepe mzima na uso laini wa rangi iliyokolea. Mafundi wanaojaribu makali huchagua kichwa cha mbao laini kwa sababu hiyo, kwani mninga huficha makosa.

Kwa maneno mengine, kadiri miti ya asili inavyopungua na mashamba ya paini yanavyolisha karakana zetu, ndivyo kinoo kinavyohitajika zaidi. Mambo yanakwenda kinyume na wanavyodhani.

Mbao ngumu nazo zina visa vyao, lakini vya aina nyingine. Msaji una silika ndani yake, chembe zile zile za mchanga, na hulisha makali polepole kila pigo. Mvule huweza kuficha mawe, uvimbe wa kalisiamu kaboneti uliojengeka ndani ya mti ukiwa hai, na patasi ikikutana nayo humeguka bila onyo. Pengo la namna hiyo ndiyo kazi halali ya grenda: kusaga ukingo hadi pengo liishe, kwa miguso mifupi, kopo la maji likitumika kabla ya rangi. Kisha jiwe.

Upande wa pili wa ubishi wapo wasomi wa video. Hawa wamekubali kwamba grenda haitoshi, lakini wamejifunza kutoka Ulaya na Marekani kwamba mkono mtupu hauwezi kushika pembe, na kwamba bila kigari cha kushikilia patasi, bati za almasi na kipima pembe, mtu asijisumbue. Wanaonekana kama wapinzani wa watu wa grenda. Kwa kweli wanakubaliana nao katika jambo la msingi, kwamba mkono wa fundi hauaminiki, wanatofautiana tu juu ya kifaa kinachopaswa kuchukua nafasi yake.

Pembe ya patasi haihitaji uhakika wa namna hiyo. Desturi ni kusaga mteremko kwa digrii 25 na kumalizia ukingo kwa digrii 30. Lakini patasi ya digrii 28 au 32 itakata vizuri, maadamu nyuso mbili zimekutana. Wala hakihitajiki kipima pembe. Mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa patasi, pembe ni digrii 30 kamili. Ukikaribia mara mbili na theluthi, ni digrii 25. Patasi yenye unene wa milimita 4, basi, iwe na mteremko wa milimita 8 au 9 na nusu. Rula ya mwanafunzi wa darasa la nne inatosha. Na mteremko huo uliosagwa bapa ndio unaoshika pembe wenyewe: unaulaza juu ya jiwe, unausikia ukikaa, unanyanyua mpini kidogo tu, unavuta.

Kuna kikomo kingine cha vigari ambacho wauzaji wake hawakitaji. Vimetengenezwa kwa patasi zilizonyooka. Mafundi wanaochonga milango ya Zanzibar na Lamu, yale maua na minyororo inayozunguka miimo, wanatumia patasi zilizopinda, nyembamba, nyingine pana kidogo tu kuliko msumari. Hakuna kigari cha kuzishika. Hizo hunolewa kwa kuviringisha kifundo cha mkono juu ya jiwe, na tumbo lake la ndani kwa kijiwe cha mviringo au msasa wa maji uliozungushiwa kijiti. Anayesema mkono hauwezi aende akaangalie milango hiyo, kisha arudi na hoja nyingine.

Ila kuna kosa moja la mkono ambalo wapinzani wake wana haki ya kulitaja. Anayenoa huku viwiko vikicheza huufanya mteremko uwe na tumbo. Kila siku unazidi kuvimba, pembe ya ukingo inapanda hadi digrii 40 na zaidi, na patasi inaacha kukata ingawa inang'aa. Wengi waliokata tamaa na kinoo walikatishwa tamaa na hilo. Dawa yake ni ndogo: paka mteremko wino wa kalamu nene, vuta mara mbili, tazama wino umetoka wapi. Funga vifundo, acha mabega na magoti yafanye mwendo. Vuta kuja kwako ukiwa bado mwanafunzi, usisukume. Na tumbo likishatokea, ipeleke patasi kwenye grenda iurudishie mteremko ubapa. Hakuna aliyesema grenda ifungiwe stoo.

Jiwe lenyewe lisiwe kisingizio. Kipande cha kioo kinene cha dirisha la luva, yale yanayotupwa kila nyumba inapobadilishiwa madirisha kuwa ya alumini, ni ubapa wa kuaminika. Bandika juu yake msasa wa maji wa namba 400, 1000 na 2000, mwagia maji, na una mfumo mzima wa kunolea kwa gharama isiyofika ya jiwe moja la grenda. Wenye kinoo cha kawaida wakumbuke kwamba hulika katikati kikawa na bonde, na bonde hunoa patasi yenye tumbo; kisuguliwe juu ya kioo hicho hicho kwa msasa mkavu hadi kikae sawa. Na oili chafu ya gari isitumike. Inaziba vitundu vya jiwe, na inabeba masizi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini ya mtu mwingine. Mafuta ya taa yanafaa, maji yanafaa.

Wapo watakaosema yote haya ni ya leo tu, kwamba kesho mashine zinazoongozwa na kompyuta zitachonga kila kitu. Mashine hizo zipo tayari, na zinachonga milango kwa kasi ya kutisha. Lakini biti yake ni ya mviringo na inazunguka, kwa hiyo kila kona ya ndani inatoka na mkunjo: biti ya milimita 6 huacha mkunjo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Ukitaka kona ya mraba, unaita mtu mwenye patasi. Karakana zilizonunua mashine hizo zimegundua kwamba mtu huyo anatakiwa awe na patasi kali kuliko zamani, kwa sababu kona moja ikichanika mlango mzima uliochongwa kwa dakika za mashine umeharibika.

Wengine huona kinoo kama alama ya umaskini, kitu cha kutumia umeme unapokatika. Ni kweli kwamba wakati wa mgawo wa umeme Tanzania mwishoni mwa 2023, wenye kinoo waliendelea na kazi. Lakini kuijenga hoja juu ya mgawo ni kuikubali dharau. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 2,115. Hakuna hata wati moja kati ya hizo itakayoifanya chembe ya namba 60 kuwa ndogo. Japani haina shida ya umeme wala ya roboti. Hata hivyo maseremala wake hunoa randa na patasi kwa mkono juu ya mawe ya maji, na hukutana katika mashindano ya kuranda ambapo utepe wa mbao wenye unene chini ya mikroni kumi, mwembamba kuliko unywele mara kadhaa, si ajabu. Paa la kanisa la Notre-Dame mjini Paris, lililoungua Aprili 2019, lilijengwa upya kwa mialoni iliyochongwa kwa mashoka ya mkono yaliyofuliwa kwa kazi hiyo, nalo kanisa likafunguliwa Desemba 2024, ndani ya muda ambao wengi walidhani hautatosha.

Kama hoja ni nyepesi hivi kuzijibu, kwa nini grenda bado inatawala? Sababu kubwa pengine haiko kwenye chuma wala kwenye mbao. Katika karakana nyingi patasi ni ya wote. Asubuhi inachonga tundu la ulimi, mchana inafungua kopo la vanishi, jioni inang'oa msumari au kuchokonoa plasta pale fremu ilipogoma kuingia. Mtu hawezi kutoa dakika mbili kunoa kitu ambacho mwenzake atakitia kwenye zege kabla ya chai. Grenda ni jibu la busara kabisa kwa chombo kisicho na mwenyewe. Vijana wanaokuja kujifunza wanaikuta desturi hiyo, na kwa kuwa hukaguliwa kwa stuli waliyotengeneza, makali ya zana walizoitengenezea hayaulizwi na yeyote.

Mwenye karakana anayetaka kujaribu aanze hapo, kwenye umiliki. Kila fundi apewe patasi zake tatu, milimita 6, 12 na 25, herufi zake zikiwa zimechomwa kwenye mpini, na ile moja iliyokwisha kuharibika iachiwe makopo na misumari. Grenda ibaki na biti za drili, mapengo na matumbo. Kioo chenye msasa kiwekwe juu ya benchi, karibu na jiliwa, wala kisifungiwe kabatini, kwa kuwa fundi hataacha kazi na kwenda kutafuta funguo kwa ajili ya patasi ambayo bado inakata kidogo.